Jaribio la usaili si kibarua cha bure: waajiri mnaovuna jasho la waombaji kazi, acheni!

Wakuu, huu mtindo wa kumwambia mwombaji kazi "tufanyie kakazi kadogo tuone uwezo wako" umekuwa wizi wa mchana kweupe. Hakuna anayekataa kupimwa. Seremala akiambiwa aunge mbao mbili mbele ya bosi, sawa. Akiambiwa atengeneze kitanda kizima, akiache, halafu asubiri simu isiyopigwa, huyo kaibiwa.

Angalieni wanavyofanya. Hati ya kurasa 40 inakatwa vipande 20, kila mfasiri anayeomba kazi anapewa kurasa 2 zake. Mwisho wa wiki hati nzima imetafsiriwa, na hakuna aliyelipwa hata senti. Kinachowaumbua ni kwamba ukitaka kuwalinganisha watu unawapa wote kipande kilekile! Tena maneno 250 hadi 300 yanatosha kabisa. Mfasiri anayeruka sentensi au kuvuruga istilahi anaonekana humo humo.

Wabunifu nao wanadaiwa nembo tatu pamoja na faili ghafi. Faili ghafi ya nini? Anayepima uwezo anatosheka na picha. Anayetaka faili yenye tabaka zake anataka kuihariri na kuitumia. Watu wa masoko wanaombwa mpango kamili wa kampeni wa miezi mitatu, wenye jina halisi la bidhaa na bajeti halisi. Jikoni na dukani ndiyo usiseme: mtu anashikishwa zamu siku nzima, anahudumia wateja wanaolipa, halafu eti alikuwa anajaribiwa.

Na uongo wa muda. "Ni kazi ya masaa mawili tu." Aliyeandika hivyo anaujua mfumo na data anayo. Mwombaji anaanza na maelekezo yenye mapengo, anasakinisha programu, anatuma maswali yasiyojibiwa, na kwa kuwa anashindana na watu asiowaona, anakesha. Mwenye mtoto mchanga au ajira nyingine anajitoa. Hapo mmepima nani ana muda wa kupoteza, ujuzi hamjaugusa. Na kazi ikifanyiwa nyumbani mnajuaje kaifanya nani, yeye, rafiki yake au akili unde? Dakika 45 za kazi ndogo mbele ya msaili, huku mtu akieleza kwa nini kachagua njia hii akaacha ile, zinafichua mengi zaidi.

Mwajiri mwenye nia safi achukue kazi iliyokwisha kamilika zamani, abadili majina na takwimu. Vigezo vya alama viandikwe kabla jibu la kwanza halijaingia, wasahihishaji wasione majina. Jaribio wapewe waombaji watatu au wanne wa mwisho, siyo watu 50 wa mchujo wa kwanza. Likizidi masaa mawili lilipwe, kiasi kitajwe kwa maandishi kabla ya kuanza, mtu aajiriwe asiajiriwe.

Waombaji, ulizeni kwa barua pepe kabla hamjagusa chochote: muda ni gani, nani atasahihisha, kwa vigezo gani, kazi itatumika wapi. Anayekwepa swali la mwisho keshajibu. Juu ya kazi andikeni: "Kwa tathmini ya usaili pekee. Haki zote ni zangu mpaka yawepo malipo na makubaliano ya maandishi." Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za ubunifu, hakimiliki haisubiri usajili, unakuwa nayo tangu unapoiumba kazi. Ila inalinda ulivyoeleza jambo, wazo lenyewe hailindi, kwa hiyo watu wa mikakati ndio walio hatarini zaidi: toeni muhtasari wa ukurasa mmoja, mengine waelezeni kwa mdomo kwenye usaili. Picha zitumwe zikiwa ndogo, zenye alama ya maji (maandishi hafifu yanayopita juu ya picha) katikati, maana ya pembeni inakatwa kirahisi. Na mkipewa nywila za mifumo yao, kataeni. Ukishaingia humo unafanya kazi yao, na kikiharibika kitu utalaumiwa wewe usiye na hata mkataba.