Natunga densi ya kisasa kwa mara ya kwanza, stepu ziko kibao ila kazi siioni. Msaada wakuu

MguuPeku:
Habari za humu wadau. Mimi nimecheza miaka mingi tu ila kutunga ndo mara ya kwanza, nimepewa nafasi ya kuonyesha kazi ya dakika kumi na tano hivi na nina madansa watano, wote wakali, wawili wamenizidi hata uzoefu (hapo ndo napatia kigugumizi). Wazo langu ni watu wanaoishi nyumba moja ila hawasemeshani. Sasa shida iko hivi, kila mazoezi nakuja na stepu mpya nilizotunga mwenyewe usiku, nawafundisha, wanazishika fasta, zinapendeza, halafu nikienda kuangalia video naona stepu nzuri zimepanga foleni, nyumba hamna, kununiana hamna. Basi kesho yake nabadilisha tena. Juzi mmoja kaniuliza "dada, hii ya leo ndo inabaki au nayo inaondoka?" nikakosa cha kumjibu. Muziki nao sijaamua, kuna nyimbo tatu nazizungusha tu. Mliopita hapa mlitokaje?

Kisigino:
Pole dada ila hujapotea, uko palepale wanapokwama wengi. Kwanza punguza kutunga peke yako usiku. Mwili wako ukiwa peke yake unatoa vitu ulivyouzoesha miaka yote, ndo maana hata ubadilishe vipi ladha inabaki ileile. Wape madansa swali walijibu kwa mwili. Pina Bausch, mtunzi wa densi kule Wuppertal, Ujerumani, alikuwa anafanya kazi hivyo, anawauliza madansa wake maswali, huyu anajibu kwa maneno yule kwa tendo, anaandika yote halafu mengi anayatupa.

Ila angalia swali lenyewe. Ukiwaambia "nionyesheni huzuni" utaletewa mikono kichwani na watu wa kujiangusha chini, yaani maigizo. Uliza kitu ambacho mwili unakijua tayari: mnapishanaje mlangoni na mtu mliyenuniana? mkikaa meza moja na kitu unachokitaka kiko upande wake unakichukuaje? Kila mtu ajibu bila kuongea, rekodi yote, halafu chagua jibu moja. Moja tu dada, usiwe na tamaa. Hilo moja sasa ulisumbue: lifanyeni polepole mpaka liudhi, lipelekeni sakafuni, lirudisheni kinyumenyume toka mwisho kwenda mwanzo, mmoja aanze wengine wamfuate kwa kuchelewa kidogo, au wote kwa pamoja halafu mmoja agome. Trisha Brown, mtunzi wa densi wa Marekani, mwaka 1971 alitengeneza kazi nzima kwa kanuni moja ya kulimbikiza, unafanya tendo la kwanza, unalirudia unaongeza la pili, unarudia yote mawili unaongeza la tatu, unaenda hivyohivyo, na kaanza na kuzungusha vidole gumba tu. Stepu chache zinatosha kabisa kama unazikamua.

BabuWaSteji:
Nakubaliana na Kisigino nusu. Maswali nayo yakizidi yanakuwa ujanja wa kukwepa kuamua. Huyo dansa wako kauliza jambo la msingi sana na wala hajakudharau. Mwili unakumbuka kwa kurudia, ukiwabadilishia kila siku wanaanza kucheza kwa mashaka, jicho moja liko kwa jirani anafanya nini, na hapo ndo magoti na vifundo vinapoumia hasa mwisho wa mazoezi watu wakishachoka. Kwa hiyo panga siku ya kufunga mlango, ikifika hakuna stepu mpya inayoingia, kinachobaki ni kupanga, kukata, na kubadilisha nani anafanya nini na anasimama wapi. Na kila mazoezi pitieni kazi yote mwanzo mwisho hata kama katikati kuna mashimo, mkifika kwenye shimo tembeeni tu. Bila hivyo utakuwa na dakika tano za mwanzo zinang'aa na mwisho ambao haujawahi kuchezwa, hii nimeiona mara nyingi mno.

Hao wawili waliokuzidi wasikutishe. Wao wako ndani, wewe peke yako ndo uko mbele unaiona yote. Waulize "hapa mnahisi nini", usiwaulize "tufanye nini hapa", utapata kamati.

Halafu geuzeni migongo kwenye kioo. Dansa akizoea kioo anajiangalia yeye, na kwa mada yako hiyo ni hasara kubwa, maana kutomtazama mwenzako kwa makusudi na kutomtazama kwa sababu uko bize kujitazama ni vitu viwili tofauti na mtazamaji anavitofautisha.

SinaMdundo:
Napita tu jamani, mi si dansa. Hivi lazima ieleweke? Maana hizi za kisasa mara nyingi natoka sijaelewa kitu ila nimeenjoi 😂

Kisigino:
@SinaMdundo wala haihitaji kueleweka kama taarifa ya habari mkuu. Ila wewe ukitoka uwe umehisi kwamba hapa kuna kitu kinabanwa. Ukitoka unasema "wana viungo laini kweli" basi dada yetu kaula wa chuya.

FundiSpika:
Suala la muziki, tulia kwanza usichague. Chukua kipande kimoja mkicheze kwenye nyimbo zako zote tatu halafu mkicheze kimyakimya. Kama kila wimbo unakigeuza maana basi ujue wimbo ndo unabeba mzigo na densi imepewa lifti tu. Merce Cunningham (mtunzi wa densi) na John Cage (mtunzi wa muziki) kule Marekani walienda mbali zaidi, densi inatengenezwa kivyake na muziki kivyake, vinakutana kwenye onyesho, na mara nyingi madansa walikuwa wanausikia muziki kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wako jukwaani. Wewe si lazima ufike huko. Ila watu wasiosemeshana na wimbo wenye maneno mengi, mmh, mi ningefikiria mara mbili. Kwenye kimya unasikia nyayo, pumzi, kitambaa kinavyosugua sakafu, vyote hivyo ni sauti tayari. Na ukichukua wimbo wa mtu waulize waandaaji mapema habari za haki za muziki, usisubiri wiki ya onyesho.

MguuPeku:
Wakuu nimerudi. Tulifanya lile swali la mlangoni. Wanne walitoa vitu vya kawaida, mmoja (yule wa "inabaki au inaondoka") akapita ubavuubavu, tumbo kalivuta ndani, kidevu kakigeuzia begani, na mkono mmoja kaubana kifuani ili nguo isimguse mwenzake. Wote tukacheka kwa sababu kila mtu anaijua ile. Sasa hivi tunayo hiyo kwa kasi tatu, na kuna sehemu wanapishana wote watano kwenye upana wa mtu mmoja bila kugusana, ni ngumu balaa, ukigusa tu mnaanza upya. Zile stepu zangu za usiku nimebakiza mbili tu. Zile nyingine zinauma kuziacha 😅 Swali jingine: nataka watu waione kabla haijaisha ila naogopa maoni, kila mtu atataka niitunge ya kwake.

BabuWaSteji:
Waite wachache na uongoze wewe mazungumzo. Kuna utaratibu wa Liz Lerman, mtunzi wa Marekani, una hatua nne: kwanza watu wanasema ni kitu gani kimewagusa au kimebaki akilini, bila "ila". Pili wewe ndo unawauliza wao. Tatu wanakuuliza wao, maswali yasiyo na hukumu ndani, siyo "kwa nini ni ndefu hivi" bali "ulifikiria nini kuhusu urefu". Nne ndo maoni, na anayetaka kutoa anaomba ruhusa kwanza, una haki ya kusema hapana asante. Hapo kwenye hatua ya pili usiulize "mmependa?". Uliza "mliona hawa watu ni nani kwa wenzao?" Wakisema ni wageni kwenye foleni, unajua pa kurekebisha.

Na hiyo sehemu ya kupishana, tafuta vipimo vya steji leo leo, bandika tepu chini mazoezini kwa ukubwa uleule. Upana wa mtu mmoja kwenye chumba kidogo unabana, ukiupeleka kwenye jukwaa kubwa mtazamaji anajiuliza si wazungukie tu pembeni. Ongea na mtu wa taa akupe mstari mwembamba wa mwanga, na nje ya huo mstari asiingie mtu.