Skripti ya majaribio ya GCC haioni kompaila iliyosakinishwa kwa vifurushi

Swali

Habari zenu, wakuu. Ninataka kuendesha majaribio ya GCC (mkusanyo wa kompaila za mradi wa GNU) dhidi ya kompaila iliyokwisha kusakinishwa kwa vifurushi, bila kuijenga upya kutoka kwenye msimbo chanzo, kwa kuwa nia yangu ni kuipima ile ile inayotumiwa na watu. Nimepakua msimbo chanzo, nikasakinisha DejaGnu (programu inayoendesha majaribio hayo), kisha nikaita skripti `contrib/test_installed --prefix=/usr`. Majaribio yanaanza, lakini kompaila haipatikani, ingawa `/usr/bin/gcc-13` ipo na inafanya kazi vizuri. Je, ni lazima niitengenezee kiungo chenye jina la `gcc`?

Jibu la kwanza

Kiungo hakihitajiki. Ukitoa `--prefix`, skripti hutafuta `bin/gcc` chini ya saraka hiyo kwa jina hilo tupu, ilhali waandaaji wa vifurushi mara nyingi huongeza namba ya toleo mwishoni. Itajie njia kamili:

`../gcc-13.2.0/contrib/test_installed --with-gcc=/usr/bin/gcc-13 --with-g++=/usr/bin/g++-13 --without-gfortran --without-objc`

Iite ukiwa ndani ya saraka tupu, maana `site.exp` (faili ya mipangilio ya majaribio) na faili za matokeo huandikwa pale pale ulipo. Hakikisha pia kwamba msimbo chanzo ni wa toleo lile lile linalotajwa na `gcc-13 -dumpfullversion`. Majaribio ya toleo jipya hudai maonyo ambayo kompaila ya zamani haiyajui, nawe utahangaika bure.

Muulizaji

Ahsante sana, sasa inakwenda. Hata hivyo `gcc.sum`, yaani muhtasari wa matokeo, imejaa FAIL (jaribio limeshindwa), hasa kwenye majaribio ya `scan-assembler`, yanayokagua msimbo wa asembli unaotolewa na kompaila. Je, kifurushi ni kibovu?

Jibu la pili

Usikihukumu bado. Baadhi ya mifumo, Ubuntu ikiwamo, huwasha ulinzi wa staki (unaogundua kumbukumbu ya staki ikiharibiwa) na PIE (programu inayoweza kupakiwa popote kwenye kumbukumbu) bila mtumiaji kuomba, kwa hiyo msimbo wa asembli unaotoka haufanani na ule ambao mwandishi wa jaribio aliutarajia. Tazama kama `gcc-13 -v` inaonyesha `--enable-default-pie`. Kisha fungua `gcc.log`, ambamo kila amri imeandikwa nzima nzima, unakili amri ya jaribio moja lililoshindwa na uiendeshe kwa mkono ukiongeza `-fno-stack-protector -fno-pie`. Likifaulu, chanzo ni mipangilio hiyo, na unaweza kupitisha chaguo hizo za kuizima kwa `runtest`, amri ya DejaGnu, kupitia `--target_board=unix/-fno-stack-protector/-fno-pie`. Binafsi ningehifadhi matokeo ya aina zote mbili, kwa sababu watumiaji wa kifurushi hawazimi ulinzi huo.

Kwa g++, kompaila ya C++, kuna mtego mwingine: kwenye Debian na Ubuntu, `libstdc++.so.6` (maktaba sanifu ya C++) ni moja kwa mfumo mzima na hutoka kwenye toleo jipya zaidi la GCC lililomo humo, hivyo huenda unajaribu kompaila ya 13 juu ya maktaba ya toleo la baadaye. Kifurushi kitakaposasishwa, linganisha `gcc.sum` ya zamani na mpya kwa `contrib/compare_tests`, ukianza na ya zamani.