Binti wa miaka 11 na Mlima Kilimanjaro: nitajuaje kwamba yuko tayari?

Mzazi wa Arusha

Habari zenu, wanajukwaa. Binti yetu ametimiza miaka 11 na mdogo wake wa kiume ana miaka 8. Baba yao anataka tutumie likizo ya Juni kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na hoja yake kubwa ni kwamba hifadhi inaruhusu mtoto kwenda kileleni akishatimiza miaka 10. Binti ana afya njema: tumetembea naye hadi maporomoko ya Materuni na, siku nyingine, kutoka geti la Marangu hadi Mandara, kambi ya kwanza ya njia hiyo, na kurudi, akafika getini bado anakimbizana na mdogo wake. Hata hivyo moyo wangu unasita, kwa sababu huyu ni mtoto ambaye akiumwa hasemi. Mwaka jana alishinda darasani na homa mpaka mwalimu alipomgusa paji la uso. Zaidi ya umri, ni nini kinachoonyesha kwamba mtoto yuko tayari? Na huyu mdogo tumfanyeje?

Mwongoza watalii, Marangu

Mama, umefanya vyema kuuliza mapema. Kanuni ya miaka 10 inamzuia aliye mdogo mno, lakini haimpimi aliyevuka umri huo. Mandara iko kwenye mita 2,700 hivi, ndani ya msitu, na mtoto mwenye miguu mizuri huifika bila shida. Jambo ambalo safari ya siku moja haiwezi kukuonyesha ni namna anavyolala juu, anavyokula akiwa amechoka, na anavyoamka kesho yake akiambiwa atembee tena.

Usiku wa kileleni ni kazi ya aina nyingine. Kutoka kambi ya mwisho, Kibo, mita 4,720, watu huondoka karibu na saa sita usiku, hupanda changarawe inayoteleza hadi Gilman's Point kwenye ukingo wa kasoko, kisha huendelea ukingoni hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, na siku hiyohiyo hushuka mpaka Horombo, kambi iliyo kati ya Mandara na Kibo. Baridi ni ya kugandisha maji chupani. Mimi humtazama mtoto kuanzia Horombo, wakati wa chakula cha jioni: je, anamaliza supu yake, au anaizungusha kwa kijiko tu huku mama akimsemea kwamba ameshiba? Je, anavaa glovu mwenyewe anapohisi baridi, au anangoja hadi vidole vife ganzi ashindwe kufunga zipu? Nimewaona watoto wenye nguvu kuliko wazazi wao wakishushwa kwa sababu walinyamaza ili wasimvunje moyo baba.

Muuguzi, Moshi

Naunga mkono, na hofu ya mama kuhusu ukimya wa binti yake ndiyo ningeipa uzito kuliko yote. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza kuanzia mita 2,500 hivi, huwapata watoto kama unavyowapata watu wazima, na wepesi wa miguu haumkingi mtu. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na kizunguzungu, yaani mambo ambayo mgonjwa mwenyewe ndiye anayepaswa kuyasema. Akianza kuyumba anapotembea, akiongea asieleweke, au akihema kwa shida hata akiwa amekaa, hiyo ni hatari ya maisha na anapaswa kushushwa mara moja, hata kama ni usiku.

Ushauri wa kitabibu ni kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000 kwa mkupuo, hivyo siku ya ziada Horombo isiachwe kwa kubana gharama. Mtoto mwenye mafua au kikohozi kabla ya safari asipande, na kuhusu dawa za kuzuia ugonjwa huo, mwoneni daktari. Msikadirie dozi wenyewe.

Mwalimu na mzazi, Usa River

Kwa kuwa mko Arusha, ningeanza na Mlima Meru: kulala kambi ya Miriakamba (mita 2,514), kisha kambi ya Saddle (mita 3,570), kupanda kilele kidogo cha Little Meru (mita 3,820), na kuishia hapo, kwa maana ukingo wa kilele kikuu una miteremko mikali. Ulizeni kwanza getini Momella masharti yao kuhusu watoto. Usiku wa pili pale Saddle utawaeleza mengi. Mfundisheni pia kupima hali yake kwa namba, 0 hadi 10, mkimuuliza kila pumziko na kulipokea jibu bila kulijadili. Mdogo wake alale Mandara na mzazi mmoja, waone mbega na kasoko ya Maundi. Kwa miaka 8 hiyo ni safari kamili.

Mzazi wa Arusha

Nashukuruni sana. Swali moja: binti akisema anataka kurudi huku baba yake anaweza kuendelea, inakuwaje?

Mwongoza watalii, Marangu

Mkubaliane kabla ya kulipia. Mwongozaji msaidizi anaweza kumshusha, lakini mtoto wa miaka 11 anayeumwa gizani anahitaji mzazi pembeni yake, kwa hiyo mzazi mmoja awe ameamua tangu nyumbani kwamba atageuka naye. Binti aambiwe hilo wazi, akiwa bado nyumbani.