Hii ni kozi ya kupiga picha au ya kufuta picha?

Wakuu, leo mnivumilie, yamenifika shingoni.

Nimerudishiwa kazi yangu ya picha za watu, mhadhiri kaandika kwa wino mwekundu: "Uso una giza. Ng'arisha." Basi! Hakuna neno kuhusu mwanga, wala macho, wala nilivyomkalisha mtu. Niliyempiga ni mweusi, na alivyo ndivyo alivyotoka. Taa niliiweka ubavuni makusudi ili paji la uso na mfupa wa shavu vishike mng'ao. Sasa ning'arishe nini?

Kuna wenzangu ambao nyuso kwenye picha zao zimezama kweli, lakini waliozizamisha ni haohao wanaotufundisha. Studio nzima ni pazia jeupe, na tunaambiwa tuiache kamera ipime yenyewe. Jamani, kipimo cha kamera hakijui mtu wala pazia! Chenyewe kinachukulia kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kile cha vitabuni kinachoakisi asilimia 18 ya mwanga. Kikiona weupe umejaa fremu kinabana mwanga, na mwenye ngozi nyeusi ndiye anayeumia. Dawa ni kupima usoni, au kuongeza mwanga kwa mkono, stopu moja au mbili (kila stopu ni mwanga maradufu). Hilo hatujafundishwa. Tunafundishwa kuinua vivuli kwenye kompyuta mpaka picha ijae chenga, yaani vidoadoa, halafu tunalainisha chenga mpaka mtu anabaki na ngozi ya plastiki. Na picha hiyo ndiyo inayopata A.

Ukiuliza unaambiwa ndizo kanuni. Kanuni za nani? Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi nyeusi ikitoka vibaya, shauri yake mwenye ngozi. Maabara zenyewe nyingi zimeshafungwa, ila tabia imebaki.

Kwenye picha za vitu ndiyo balaa kabisa. Tulipewa chupa tupu ya kioo. Mnajua kioo kilivyo, kinameza chumba kizima: dirisha, taa, hadi shati langu lilikuwa linaonekana pale begani mwa chupa. Maelekezo tuliyopewa? "Piga tu, utafuta baadaye."

Nikagoma. Nikaweka kitambaa cheupe nyuma, nikakimulika chenyewe, chupa nikaiacha bila taa ya mbele. Kisha nikasimamisha karatasi nyeusi kushoto na kulia, nje kidogo tu ya fremu. Kingo za chupa zikajichora nyeusi, nyembamba, kama zimepitishwa kalamu. Shati likapotea bila kufuta kitu. Mhadhiri akapita, akatazama karatasi zangu, akasema nawapotezea wenzangu muda.

Kazi ya picha za watu nairudisha vilevile, sijaigusa, pamoja na barua ya kuomba isahihishwe na mtu mwingine. Waliowahi kukata rufaa ya maksi za vitendo, barua mlipeleka idarani au moja kwa moja ofisi ya mitihani? Na mlitakiwa kuambatanisha faili halisi za kamera?

Wale wa "siku hizi kila mtu anahariri", piteni tu. Hata mimi nahariri.