Kisipi kimepona, mbona ngozi bado inauma? Na pilipili inaingiaje hapo?

Mwalimu wa Jinja

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari hapa Jinja, na swali hili limeanzia nyumbani kwangu kabla ya kufika darasani. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 73, aliugua mkanda wa jeshi, ambao huku wengi wetu tunauita kisipi. Malengelenge yalimzunguka upande wa kushoto, kuanzia chini ya titi hadi mgongoni, yakapasuka, yakakauka, na sasa, miezi 5 baadaye, yamebaki makovu meusi tu. Hata hivyo hawezi kufunga mshipi wa gomesi, lile vazi refu la akina mama wa huku. Kitambaa kikimpapasa anashtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, ilhali nikiweka kiganja changu mahali hapohapo na kubonyeza polepole anasema afadhali. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba ndani ya eneo hilohilo pana sehemu ambazo zimekufa ganzi kabisa.

Kituo kimoja cha afya kilimpa daiklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, kwa wiki 3 bila nafuu yoyote, kisha akaambiwa kwamba hayo ni mawazo ya uzee. Juzi mpwa wangu aliyeko Uingereza ametuletea krimu yenye kapsaisini, yaani kile kiini cha pilipili. Mama aliposikia alitutazama sana, akauliza: "Nimeungua, nanyi mnaniletea kamulali (pilipili)?" Sikuwa na jibu. Naomba mnisaidie kuelewa ni kipokezi gani kinachopeleka taarifa ya maumivu wakati kidonda hakipo tena, kwa nini daiklofenaki imeshindwa, na kwa njia gani kitu kinachounguza kinaweza kutuliza.

Mfiziolojia, Kampala

Mwalimu, mpe mama pole zetu, na umwambie kwamba si mawazo ya uzee.

Kwanza niliweke sawa neno "kipokezi", maana lina sura mbili na watu huzichanganya. Wakati mwingine tunamaanisha ncha ya uzi wa neva iliyotandaa ngozini, na wakati mwingine tunamaanisha protini iliyopachikwa kwenye utando wa ncha hiyo, ambayo hufunguka kama mlango mdogo na kuruhusu chembe za sodiamu na kalsiamu ziingie. Chembe hizo zikiingia kwa wingi wa kutosha, ncha huzalisha mpigo wa umeme na taarifa huanza safari. Nyuzi za maumivu ziko za namna mbili. Zile zenye ala nyembamba ya mafuta husafirisha taarifa kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na zisizo na ala hutambaa kwa mita 2 kwa sekunde au chini ya hapo. Ndiyo sababu ukikanyaga kaa lililoanguka kutoka kwenye sigiri unasikia kwanza mchomo mkali unaokurusha juu, halafu, umekwisha kuondoa mguu, ndipo unapofika ule uchungu wa kuwaka ambao hauna haraka ya kuondoka.

Sasa pilipili. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba kapsaisini huamsha nyuzi hizi, lakini mlango wenyewe haukuonekana. Kundi la David Julius huko San Francisco lilichukua jeni zinazofanya kazi katika neva za hisia za panya, likaziingiza kwa mafungu katika seli ambazo kwa kawaida hazijali pilipili, kisha likatafuta seli ambayo ghafla ingeanza kuijali. Mwaka 1997 walitangaza kwamba wameipata protini hiyo, ambayo leo inaitwa TRPV1. Kilichowashangaza ni kwamba haikuwekwa mwilini kwa ajili ya pilipili hata kidogo. Ni kipokezi cha joto: hufunguka joto linapofikia nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi, na asidi nayo huifungua. Kapsaisini ni kama ufunguo bandia unaoingia katika kitasa hicho, kwa hiyo ubongo unapopokea taarifa hauna namna ya kutofautisha moto na kamulali. (Kwa darasa lako: kuku naye ana TRPV1 inayohisi joto, ila umbo lake limetofautiana kidogo kiasi kwamba kapsaisini haishiki. Ndiyo maana ndege hula pilipili bila shida na kusambaza mbegu zake.)

Kuhusu daiklofenaki, dawa za jamii hiyo huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazomiminika mahali penye uvimbe na kuzifanya ncha za neva ziwe nyepesi kuamka. Palipovimba, kizingiti cha TRPV1 hushuka kutoka nyuzi 43 hadi joto la kawaida la mwili, na hapo hata maji ya uvuguvugu huchoma. Lakini mama hana uvimbe tena. Virusi vya tetekuwanga aliyougua utotoni vilijificha miaka yote hiyo katika fundo la neva lililo kando ya uti wa mgongo, na vilipoamka viliijeruhi neva yenyewe. Neva iliyojeruhiwa hupiga bila kupigwa, nayo daiklofenaki haina cha kuzuia hapo. Nyuzi zilizokufa zinaeleza ile ganzi, na zilizobaki zikiwa majeruhi zinaeleza maumivu.

Mwanafunzi wa udaktari, Mbarara

Nashukuru kwa maelezo, lakini naona kuna pengo. Mshipi wa gomesi hauna joto la nyuzi 43, hauna asidi, wala hauna pilipili. Ikiwa TRPV1 ndiyo mlango, kitambaa kinaufunguaje? Na kama tatizo ni neva kupiga yenyewe, mama angeumia muda wote kwa kiwango kilekile, awe ameguswa au hajaguswa.

Mfiziolojia, Kampala

Umenikamata mahali pazuri. Mguso una mlango wake, na ulichelewa kupatikana. Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut anayefanya kazi California, na wenzake waliteua jeni 72 walizozishuku, wakawa wanaizima moja na kuichokoa seli kwa sindano nyembamba ya kioo ili waone kama bado inajibu, kisha nyingine, na nyingine, hadi wakaifikia ile ambayo ikizimwa seli haisikii tena. Hiyo ni Piezo1, na ndugu yake Piezo2 ndiye anayebeba mguso mwepesi katika ngozi yetu. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2010, na mwaka 2021 Patapoutian na Julius waligawana Tuzo ya Nobel.

Kwa mtu asiye na jeraha, taarifa ya Piezo2 hupita katika nyuzi nene na ubongo huipokea kama mguso tu. Tatizo la mama, kwa sehemu kubwa, liko mahali taarifa hizo zinapopokelewa. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwa panya kwamba jeraha linaweza kuzigeuza seli za uti wa mgongo zenyewe, zikawa na wepesi wa kuamka hata kwa vichocheo visivyodhuru. Tangu hapo mguso unaoingia kwa njia yake halali husomwa kama maumivu. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2018: watu wachache waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi walipakwa kapsaisini ngozini, wakasikia kuungua kama sisi, lakini ngozi yao ilipopapaswa kwa upole kandokando ya mahali hapo hawakupata yale maumivu ya kuguswa ambayo mimi na wewe tungeyapata. Kwa hiyo pilipili ina mlango wake na kitambaa kina wake. Wanakutana uti wa mgongo, na huko ndiko ugomvi ulipo. Neva inayopiga ovyo ndiyo inayozikesheza seli hizo, nacho kitambaa huja juu yake.

Nyuzi hizo nene zikiamshwa kwa utulivu zinaweza pia kuzima maumivu, na hilo pengine ndilo linaloeleza kiganja cha Mwalimu. Watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall waliliwazia hilo mwaka 1965 kwa mfano wa lango lililo katika uti wa mgongo, ambalo mguso hulifunga ili maumivu yasipite. Baadhi ya vipengele vya mchoro wao vimesahihishwa, lakini kila mama anayesugua goti la mtoto aliyeanguka anautumia.

Tabibu, Arua

Naongeza yale ninayoyaona kwa wagonjwa. Jibu la swali la tatu halijakamilika, nalo ndilo mama anasubiri. Kapsaisini ikikaa juu ya ncha ya neva kwa muda mrefu, kalsiamu huingia kupita kiasi, ncha huchoka, huacha kujibu, na hatimaye hunywea na kurudi nyuma kutoka tabaka la juu la ngozi. Wajumbe wakipungua, uti wa mgongo nao hupata nafasi ya kutulia. Ncha huota tena baada ya miezi, kwa hiyo hii si tiba ya kudumu. Kuna kiraka cha hospitalini chenye asilimia 8 ambacho hubandikwa mara moja na nafuu yake inaweza kufika miezi 3, ila krimu za kawaida zina asilimia 0.025 au 0.075 na hupakwa mara 3 au 4 kwa siku. Msitarajie kitu katika wiki ya kwanza isipokuwa kuungua. Wengi huacha hapo.

Tafadhali msitwange kamulali na kumpaka. Haina kipimo, na nimewahi kumhudumia mtu aliyejipaka hivyo akajifikicha jicho.

Pamoja na krimu, mpelekeni kwa daktari aangalie kama anafaa kupewa dawa za maumivu ya neva: amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, au gabapentini. Amitriptilini huziongezea nguvu njia zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kuja kutuliza uti wa mgongo, lakini kwa mzee yataka uangalifu, kwa kuwa husababisha usingizi mzito na kinywa kukauka, na mwenye maradhi ya moyo lazima achunguzwe kwanza. Jirani atawaambia mtafute mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu. Nchi hii inaifahamu vizuri tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa (huduma ya kuwapunguzia mateso wenye maradhi mazito) wanaruhusiwa kuiandika. Mimi mwenyewe naiandika, nayo hushika vipokezi vyake vya pekee, vile vilivyogunduliwa mwaka 1973, na katika maumivu ya saratani haina mfano. Kwa maumivu ya neva ya namna hii, hata hivyo, sianzi nayo.

Jambo jingine ambalo watu hunong'ona: kisipi hapa kwetu kilizoeleka kuwa dalili ya virusi vya UKIMWI, na wagonjwa hujificha kwa sababu hiyo. Kupima ni vyema, lakini umri wa miaka 73 peke yake unatosha kuviamsha virusi vya tetekuwanga. Mwingine akitokewa na malengelenge hayo asingoje, maana asaiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivyo, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72.

Mwalimu wa Jinja

Nimewasomea mama majibu yenu nikiyatafsiri kwa Lusoga. Lililomfurahisha ni la kuku. Amekubali krimu, tumeanza jana kwa glavu, na usiku alivumilia. Ila asubuhi alipooga maji ya moto, kama alivyozoea, alipiga kelele hadi majirani wakaja, ingawa krimu ilikwisha kukauka. Je, tuiache?

Tabibu, Arua

Msiiache. Joto na kapsaisini vinagonga mlango mmoja, na kimoja humrahisishia mwenzake kazi, kwa hiyo maji ambayo siku zote yalikuwa ya kawaida sasa yanamuunguza. Aoge kwanza kwa maji ya baridi kidogo, ajifute bila kusugua, ngozi ipoe kabisa, ndipo apakwe. Asikae karibu na sigiri baada ya kupakwa, na wajukuu wamsalimie kutoka upande wa kulia.