Tupeane uzoefu: sanduku la huduma ya kwanza lipo, ufunguo anao nani?

Wakuu, karakana nyingi zina sanduku ukutani la kumwonyesha mkaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, Tanzania) tu. Mnaosimamia usalama kazini, mwajiri aweke nini na wapi huwa panaharibika?

Fundi Kivule:
Anza na kufuli. Sanduku likifungiwa kwa mtu wa stoo, zamu ya usiku haina huduma ya kwanza hata likiwa limejaa. Ndani weka shashi zilizofungwa pakiti moja moja, bandeji za kuviringisha, za pembetatu, plasta, mkasi na glavu. Glavu ndizo huisha kwanza, maana watu huzichukua kushikia grisi. Pamba isigusane na kidonda kibichi: nyuzi zake hugandia damu, ukiibandua damu inaanza upya. Panadol toa, hazizuii damu.

Bi Mkaguzi:
Huku Kenya sheria ya usalama na afya kazini ya 2007, kifungu cha 95, inataka sanduku liwe na msimamizi anayepatikana saa za kazi, jina lake libandikwe kila chumba cha kazi, na ndani visikae vitu vingine. Chaja na sukari ya chai zitafutiwe kwao. Tatizo jina huwa moja tu, na mwenyewe yuko likizo. Fundisheni mmoja kila zamu, na wa akiba.

Mzee wa Betri:
Mmesahau maji! Aliyeungua apozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana. Pete na saa zivuliwe mapema, kidole kikivimba ni kazi nyingine. Tindikali ikiingia jichoni ni dakika 20 vilevile, kope zikiwa zimeshikiliwa wazi. Sasa piga hesabu: maji yakitoka lita moja na nusu kwa dakika, dakika 20 ni lita 30. Ndoo ya lita 20 pale pa kuchajia betri inakata dakika ya 13, na siku ya mgao wa maji bomba halisaidii. Mwajiri aweke tanki dogo lenye koki, maji yabadilishwe kila wiki.

Fundi Kivule:
@Mzee wa Betri kweli kabisa. Ongeza daftari likining'inia kwenye sanduku: tarehe, jina, jeraha, kilichotumika. Stoo ijaze pengo siku hiyohiyo, na madai yakienda WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, Tanzania), tarehe na saa ya ajali ziko pale kwa kalamu.