Tupeane uzoefu: Kirusi cha mwaka wa kwanza, tuliotoka Unguja na Pemba tukasomea Urusi

MWANA WA WETE

Assalaam alaykum nyote. Mtoto wa dada yangu kamaliza kidato cha sita hapa Pemba, amepata nafasi ya kusoma Urusi, na akijaaliwa ataondoka mwezi wa tisa. Juzi alinifuata barazani baada ya alasiri na daftari lake, keshaziandika herufi zote 33 kwa mkono wake, akaniuliza, "Mjomba, hichi Kirusi mtu anakiweza kwa mwaka mmoja?" Nilimjibu nilivyojua, lakini mimi nilisoma mji mmoja na mwalimu mmoja. Ndiyo nikaja kwenu. Mliopita njia ile, kila mtu aeleze yaliyomkuta mwenyewe, hasa mwaka wa podfak. Ya kuambiwa tuyaache.

Kwa asiyeijua, podfak ni kitivo cha matayarisho. Unafika hujui neno, unasomeshwa Kirusi kila siku kwa mwaka mmoja wa masomo. Baadaye wanakuongezea masomo ya fani unayokwenda, kwa Kirusi hichohicho: wa udaktari anapewa kemia na biolojia, wa uhandisi hesabu na fizikia. Mwisho kuna mtihani, na kiwango kinachotakiwa ili ukae darasa moja na Warusi ni B1, ngazi ya kati ya kuijua lugha, wanakiita cheti cha kwanza.

Nianze mimi. Herufi zilinichukua wiki mbili, ingawa zinadanganya macho: B ni v, H ni n, P ni r, C ni s, X ni kh. Siku za mwanzo nilizunguka dukani natafuta sukari. Mbele yangu mifuko imeandikwa CAXAP, nikaipita mara tatu. Nilipojua kusoma nikaona kumbe ni "sakhar", jamaa ya sukari yetu. Yako mengine ya namna hiyo na yalinipa moyo sana: chai ni "chay", almasi ni "almaz", sanduku ni "sunduk". Nikawaza, maneno haya yamesafiri na wafanyabiashara, mengine yakashuka kwetu kwa majahazi, mengine yakapanda kaskazini kwa ngamia.

Kilichonitesa ni miisho ya maneno. Nomino ya Kirusi ina hali sita, wenyewe wanaziita "padezhi". Kitabu ni "kniga", lakini ukikisoma ni "knigu", ukiwa huna ni "knigi", ukiwa nacho mkononi ni "s knigoy". Hapo hakuna njia ya mkato. Lakini wenzangu wa nchi nyingine waliposhangaa kwa nini sifa nayo inageuka, "novy dom, novaya kniga, novoye okno", mimi sikushangaa hata chembe. Sisi tunasema nyumba mpya, kitabu kipya, dirisha jipya tangu hatujaota meno. Ngeli zetu ni nyingi kuliko jinsi zao tatu. Kwa hiyo nilijifunza kila nomino pamoja na sifa yake, kama ngeli, na makosa yakapungua.

Jengine ni majina. Mwalimu kule haitwi "mwalimu" wala "madam", anaitwa kwa jina lake na la baba yake. Fomu ya kwanza niliyopewa ilikuwa na pahala pa "familiya", nikajaza mama, ndugu zangu na bibi. Kumbe "familiya" kwao ni jina la ukoo. Mwalimu aliisoma ile karatasi kimya, akanipa nyingine, akaniuliza baba anaitwa nani na babu anaitwa nani. La babu likaingia kwenye "familiya", la baba katikati. Mtu wa Zanzibar majina yake matatu yanakaa pale bila ya kulazimishwa. Nilitoka nje nimetulia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Karibuni.

BINTI WA NG'AMBO

Waalaykum salaam kaka. Mimi nilikuwa Kazan, mji mkuu wa Tatarstan. Watatari wengi ni Waislamu, na ndani ya Kremlin ya Kazan, yaani ngome kongwe ya mji, upo msikiti wa Kul Sharif uliofunguliwa 2005, kwa hiyo hijabu yangu haikuwa kioja kwa mtu. Chakula cha halali hakikunipa tabu.

Sauti: "kh" tunayo tangu chuoni kwa maalim, "r" tunayo. Shida ni konsonanti zinazofuatana bila irabu. Ulimi wa Kiswahili unataka kutia "i" au "u" kila pahala. Salamu yenyewe, "zdravstvuyte", niliisema kwa silabi saba mpaka mwalimu akanambia "v" ya mwanzo haitamkwi, sema "zdrastvuyte".

Halafu mkazo. Kwetu mkazo karibu siku zote uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kule unahama, na ukihama maana inahama nao. Nilikuwa dukani, nataka kumwambia mwenye kaunta kwamba mimi ndiye ninayelipa, nikasema "ya PLAchu". Aliacha kazi yake akanitazama usoni kwa huruma, akaniuliza nina nini. Kulipa ni "plaCHU". "PLAchu" ni nalia. Tunayo mifano kama hiyo lakini michache: barabara ya kupita gari, na kazi iliyofanywa barabara. Na irabu isiyo na mkazo haitamkwi kama ilivyoandikwa: maziwa yameandikwa "moloko", yanasemwa "malako". Tangu siku ile ya kaunta kila neno jipya nililiandika na alama ya mkazo juu yake. Vitabu vya wanafunzi wageni vinaiweka, magazeti hayaiweki.

Lakini hayo yote si makubwa. Kubwa ni hili. Nilipofika nilipangwa chumba kimoja na wasichana wawili wa Kitanzania. Tulipendana sana. Tulipika pamoja, tulilia pamoja baridi ilipoingia, na asubuhi mpaka usiku tulizungumza Kiswahili. Januari mtihani ulipokuja nikapata 3. Kule alama ni mpaka 5, na 2 umefeli, kwa hiyo nilikuwa mlangoni. Nilikwenda kwa msimamizi wa bweni nikaomba kuhamishwa. Wenzangu walihisi nimewakataa na mmoja alininunia mpaka machipuko. Nilipelekwa kwa msichana wa Vietnam asiyejua Kiingereza, na mimi sijui Kivietnam. Tulikuwa na Kirusi tu, na Kirusi chenyewe kibovu pande zote mbili. Kila jioni ilibidi tuelewane: chumvi iko wapi, nani anafagia, kwa nini unalia. Mwezi wa sita nilipata 5 ya kuzungumza.

Nilipatana na yule dada wa Kitanzania, tena ndiye aliyenisimamia harusi yangu Unguja. Lakini laiti ningehama mwezi wa kumi, si mwezi wa pili.

MZEE WA VORONEZH

Wanangu, mimi niliondoka miaka ya sabini. Tulikuwa tukiisikiliza Redio Moscow kwa Kiswahili hapa nyumbani, lakini Kirusi chenyewe sikuwa nikijua. Podfak yangu ilikuwa Voronezh, na hatukuwa na simu ya kututafsiria. Mwalimu alishika chaki akasema jina lake, akafungua dirisha akasema amefungua, akalifunga akasema amelifunga. Kitenzi cha Kirusi kina sura mbili, ya jambo linaloendelea na ya jambo lililokamilika, na nilikielewa kwa lile dirisha.

Kirusi cha watu nilikipata kwenye foleni. Zama zile kila kitu foleni. Unafika, unauliza "kto posledniy?", wa mwisho nani? Mtu anakujibu, na kwa kuwa mtasimama saa nzima, mazungumzo yanaanza. Na vibibi wa kule hukaa kwenye mabenchi nje ya milango ya majumba, kama sisi na baraza zetu. Nilizoea kupita nikawasalimia kwa heshima, nikakaa. Walinisahihisha kila neno. Mmoja alinifuma soksi za sufi, nilizivaa miaka mitano. Huyo kijana asikae chumbani na simu yake. Aende kwa wazee.

MTOTO WA MWEMBELADU

Langu fupi. Saa. Moscow na Zanzibar saa ni moja, kwa hiyo kumpigia mama simu hakuna hesabu. Lakini saa zetu tunazihesabu kutoka asubuhi, saa moja yetu ni saba yao, hilo mnalijua. La pili ndilo lililonikuta: "polovina desyatogo" tafsiri yake ni nusu ya kumi. Mimi nilidhani ni kumi na nusu. Ni tisa na nusu, yaani nusu ya ile saa ya kumi inayokuja. Mtihani wa kusikiliza nilifika saa nzima baadaye, mlango umefungwa. Niliurudia wiki ya pili.

MAMA WA MKOANI

Mimi si msomaji, ni mzazi. Mwanangu yuko huko mwaka wa tatu. Nasema na wazazi wenzangu. Kwanza, ufadhili wa serikali ya Urusi unalipa masomo, unampa nafasi ya bweni na posho ndogo. Tiketi na bima ni juu yako, na posho haitoshi koti la baridi. Wakala mmoja alituchukulia fedha akitwambia kila kitu kimo, na havikuwemo. Pili, tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard za kwetu hazifanyi kazi kule, basi pangeni mapema njia ya kumfikishia mtoto fedha.

Tatu, na hili nalisema kwa uchungu wa uzazi. Mwambieni mtoto asitie saini karatasi ya Kirusi ambayo hajaielewa neno kwa neno. Iwe kazi, iwe mkataba, iwe ahadi ya fedha nyingi. Aseme anaipeleka kwa mwalimu wake kwanza. Kuna vijana wa Kiafrika waliosaini wasichokijua wakajikuta vitani. Mwanangu nilimfanya aniapie kabla hajapanda boti.

TABIBU WA SHAMBA

Mama, umesema kweli tupu, Allah akuhifadhie.

Mimi nilisoma St. Petersburg. Ramadhani ya 2016 iliangukia mwezi wa sita, majira ambayo usiku wa kule hauingii giza. Jua lilizama baada ya saa nne usiku. Tulifuata ratiba ya msikiti mkubwa wenye kuba la buluu, uliofunguliwa 1913, na hapohapo ni msimu wa mitihani. Nilifunga, nikafanya mitihani, alhamdulillahi.

Lakini nilitaka kuieleza mitihani yenyewe. Mingi ni ya mdomo. Juu ya meza vikaratasi vimelazwa kifudifudi, vinaitwa "bilety". Unachukua kimoja, unapewa muda kidogo wa kujiandaa, halafu unakaa mbele ya mwalimu unaeleza. Skuli zetu zimetuzoesha kuandika, na wengi waliokuwa hodari wa kuandika walinyamaza mbele ya ile meza. Mimi kilichonisaidia ni chuo cha Qur-ani. Tangu mdogo nilizoea kukaa mbele ya maalim akanisikiliza, nikikosea ananirudisha, na naendelea bila ya kutetemeka. Basi kila usiku nilifanya vivyo hivyo: mwenzangu wa chumbani alishika kitabu, mimi natamka kwa sauti. Kirusi cha kusoma kwa macho hakikutoki mdomoni siku unayokihitaji.

MTEMBEZA WAGENI

Mimi nilisoma uhandisi, nikarudi, kazi ikawa ngumu kupata. Warusi walipoanza kuja kwa wingi mwisho wa 2020, Kirusi ndicho kilichonipa riziki. Sasa nawatembeza mashamba ya viungo. Kwa hiyo mdogo wangu ajue lugha hii haiishii kule.

Vitenzi vya kwenda, asivipuuze. Sisi "kwenda" linatosha. Wao kwa miguu ni "idti", kwa gari ni "yekhat", kwa ndege ni "letet", kwa chombo cha baharini ni "plyt". Nilimwambia mwalimu likizo "idu", naenda kwa miguu, nyumbani, akanionesha ramani. Na nyumbani kwenyewe: ukisema uko Tanzania ni "v Tanzanii", ndani yake. Ukisema uko Zanzibar ni "na Zanzibare", juu yake, kwa kuwa ni kisiwa. Nililisema lile neno mara nyingi peke yangu dirishani, theluji inaanguka.

Na la mwisho, hili ni la mtu wa Pemba hasa. Karafuu kwa Kirusi ni "gvozdika". Limetokana na "gvozd", msumari, kwa umbo lake. Mdalasini ni "koritsa", kutoka "kora", gome. Mwalimu aliponifafanulia nilimwambia baba yangu ana mikarafuu. Hakuwahi kumuona mtu mwenye mkarafuu. Alinitaka nieleze mbele ya darasa inavyochumwa na kuanikwa, nami nilikuwa na maneno kama mia tatu tu. Nilieleza nusu saa: watu wanapanda juu, wanachuma vikonyo, tunachambua usiku, tunaanika kwenye majamvi, mvua ikija kila mtu anakimbia. Maneno yaliyonipungukia aliniandikia ubaoni moja moja. Hayo sijayasahau hata moja.

MWANA WA WETE

Kijana yuko hapa pembeni yangu, ameyasoma yote. Ameniambia nimwombe Binti wa Ng'ambo amweleze: akiomba chumba na mtu wa taifa jengine siku ya kwanza tu, watamkubalia?

BINTI WA NG'AMBO

Aombe siku ya kwanza kabla vyumba havijajaa, na aombe kwa Kirusi. Nitamwandikia sentensi yenyewe, na mkazo nitauweka. Madaftari yangu ya podfak bado ninayo, Jumamosi nitayapa boti ya Pemba. Aende bandarini Mkoani akayachukue.